Chakula Ambacho Freni Hajawahi Kula

Asani wa lori alikuwa mtu wa hasira za karibu, na mtaa mzima wa Kolwezi alikoishi ulimjua hivyo. Aligombana na boliti iliyogoma kufunguka, aligombana na mashimo ya barabara ya Lubudi, aligombana na makaa yaliyopakiwa vibaya, halafu jioni akawa mtu wa kucheka kuliko wote. Kwenye karatasi za serikali, tangu majina ya kigeni yapigwe marufuku, aliandikwa Citoyen Kisimba, yaani Raia Kisimba. Nyumbani, msikitini na kwenye vizuizi vya barabarani alibaki Asani. Wazee wake walishuka kutoka Kasongo kuja kufanya biashara kwenye nchi ya shaba, naye alirithi kwao dini, lori la kwanza na huo ulimi mkali. Lakini mwaka ule wa sabini na tano hasira zake zilihama kutoka kwenye lori zikaenda kukaa kwa mbwa, na huko hazikutaka kuondoka.

Mbwa mwenyewe aliitwa Freni, yaani breki, kwa sababu kazi yake ilikuwa kusimamisha watu. Asani hakuwa mtu wa mbwa. Alimleta uani baada ya wezi kung'oa betri ya lori mara mbili katika mwezi mmoja, na mkewe, Latifa, alikubali kwa masharti: mbwa asivuke kizingiti, awe na sufuria yake na sahani yake, na yeyote atakayelambwa anawe mkono mara saba, mara ya kwanza kwa udongo, kabla hajagusa chombo chochote cha jikoni kwake. Sahani ya Freni ilikuwa bakuli la chuma lililotolewa kwenye taa ya mbele ya lori bovu. Betri haikuibwa tena.

Na ingawa Asani hakuwa mtu wa mbwa, kila alfajiri baada ya sala alikaa juu ya tairi kuukuu na kikombe chake cha chai ya maziwa ya kopo, akisubiri injini ipate joto. Freni alikaa mbele yake akitazama kikombe kinavyopanda na kushuka. Kikombe kilipobaki robo, Asani alikimimina kwenye bakuli la taa. Ndivyo walivyoamkiana miaka minne, na wala hawakuhitaji maneno.

Ugonjwa ulianzia masikioni. Freni alijikuna mpaka masikio yakatoka damu, kisha akahamia makwapani, kisha tumboni, na manyoya yakawa yanabaki pale anapolala. Tumbo nalo likaharibika. Leo anatapika povu la manjano, kesho anaharisha maji matupu kando ya gurudumu, palepale Asani anapopaswa kulala chali akifunga springi. Hakuna kitu kilichomuudhi Asani kama hicho.

Kila mtu alikuwa na dawa. Mwenye duka alisema tumbaku. Fundi wa kuchomelea alisema oili chafu ya injini, maana nchi ile ya migodi inaamini kwamba oili chafu inatibu kila kitu chenye ngozi. Asani alimpaka oili mwili mzima, akanawa mara saba, na kesho yake Freni alikuwa anawashwa vilevile ila sasa na malengelenge. Akamwosha kwa sabuni ya kufulia, akanawa mara saba. Akampaka majivu na chumvi, akang'atwa kidogo, akanawa mara saba huku akimtukana mbwa, fundi na mwenye duka kwa zamu. Mikono yake ilianza kubabuka kabla ya ugonjwa kupungua.

Hapo ndipo alipokuja Muamba, mkuu wa mtaa. Alikuwa mtu mpole, na siku hiyo hakutaka hata kukaa.

"Tata Asani, mi siko na mubaya na weye," alisema. "Lakini ile imbwa inatisha batu. Kule ngambo mutoto aliumwaka na imbwa ya kichaa. Basi ofisi ya zone imesema: Salongo ya mwisho wa mwezi wa kumi, polisi atapita na bunduki. Imbwa yote yenye bidonda, atapiga."

"Yangu haiko na kichaa. Inawashwa tu."

"Polisi hataiuliza, Tata. Ataiangalia."

Salongo ilikuwa kazi ya lazima ya Jumamosi, watu wote kufyeka nyasi na kuzibua mitaro, na sasa ilikuwa imeongezewa na hili. Asani alihesabu kwa vidole. Zilibaki wiki saba. Alimtazama Freni, ambaye kwa wakati huo alikuwa anajisugua mgongo kwenye bampa kwa nguvu zote, na moyo wake ukauma kwa namna ambayo hakuitarajia. Asingekubali mbwa huyu apigwe risasi kama mwizi, yeye aliyewazuia wezi.

Safari iliyofuata ya Lubudi alirudi na Kyungu. Kyungu alikuwa muuguzi wa wanyama, alifanya kazi kwenye shamba moja la ng'ombe huko, mtu mwembamba asiye na haraka, ambaye Asani alikuwa akimbeba bure kwenye kiti cha mbele miaka mingi. Alimshika Freni, akamfunua masikio, akanusa, akabonyeza tumbo.

"Haiko upele," alisema. "Upele ingekuwa imeshapita ku imbwa yote ya mutaa. Hii ni chakula. Kuko kintu anakula, na mwili yake inakatala."

"Anakula bukari kama batu bote," Asani alisema, maana bukari kwao ndiyo ugali. "Na samaki ndogo ya ndakala, na mifupa yenye inabakia."

"Basi tunatosha byote, tunaondoa mu sahani yake. Wiki sita. Tunamupa nyama moja tu na kintu moja ya kushibisha, na byote bibili bikuwe bintu hajakulaka hata siku moja. Hapana bukari, hapana samaki, hapana kuonja-onja. Hata kidogo inaharibu kazi yote, munaanza upya."

Cha kushibisha kilipatikana upesi: viazi vitamu, maana Latifa hakuvipenda na havikuwahi kupikwa pale. Ugumu ulikuwa nyama. Kyungu alitaja, Latifa akajibu kutoka mlangoni. Ng'ombe? Alikula. Mbuzi? Kila Idi. Kuku? Utumbo wote wa kuku ni wake. Kondoo? Alikula harusini kwa Hawa, binti yao. Bata? Alimwiba mmoja.

Kyungu alikuna kidevu. "Sasa mama, nyama gani haipikwake mu hii nyumba?"

Latifa alikuwa wa kwanza kuelewa.

"Hapana," alisema.

"Mama, ni dawa."

"Hapana. Mu lupango yangu, mu hii kiwanja, ngulube? Hapana."

Asani alikwenda kwa Mwalimu Omari wa msikitini, akamweleza habari yote kuanzia betri mpaka nyama ya nguruwe. Mwalimu alisikiliza akiwa amefumba macho, na ilionekana wazi kwamba angependa kuulizwa jambo lingine lolote.

"Imbwa haiko na sala, Asani," alisema mwishowe. "Lakini weye uko nayo. Ile nyama usiishike, usiipike, na nyungu yake isiingie kwako. Ingine usiniulize."

Kwa hiyo Asani akaenda kwenye ua wa pili. Hapo aliishi Mama Kabedi, Mkatoliki, mke wa Mukendi aliyefanya kazi mgodini kwa zamu. Mama Kabedi alifuga nguruwe nyuma ya nyumba, na zamani yeye na Latifa waligombana sana kwa ajili ya harufu. Siku hizi walikuwa mashoga. Alikuwa na adabu ya namna yake: kila Noeli alinunua kuku hai, akampitishia Asani juu ya uzio amchinje kwa mkono wake, ili majirani wapate kula naye bila wasiwasi.

Alipoelezwa kwamba wanatafuta nyama ambayo Freni hajawahi kula, na kwamba nyama hiyo ni ya nguruwe, Mama Kabedi alijipangusa kwenye kitenge. Akatazama uzio, akatazama mikono yake.

"Bon," alisema. "Nitapika. Iko imbwa ya siye bote."

Dawa ikaanza. Mama Kabedi alipika kwake, akamimina kwenye bakuli la taa lililosukumwa chini ya uzio kwa fimbo. Asani alitoa amri kwa mtaa mzima kama kamanda: asiwepo wa kutupa mfupa, asiwepo wa kutupa kichwa cha samaki, watoto wasile mkate karibu na lori. Latifa alifunga jalala la jikoni kwa bati na mawe matatu. Kila alfajiri Asani alikagua kinyesi cha Freni kabla hajakagua maji ya injini, akasema "bado," akakaa juu ya tairi lake, akanywa chai yake, akamwaga robo iliyobaki, akaondoka kwenda Lubudi na moyo mzito.

Wiki ya kwanza hakuna kitu. Wiki ya pili Freni alitapika mara tatu. Wiki ya tatu masikio yalifunguka upya, na mbavu zikaanza kuonekana. Asani alikuwa hawezi kulala vizuri wala kula. Jitihada zote zile, aibu yote ile mbele ya Mwalimu, na mbwa anazidi kuoza mbele ya macho yake!

Lazima kuna mtu anamlisha. Alilifikiri hilo barabarani siku mbili mfululizo, na aliporudi akamkuta Freni analamba ardhi mahali Latifa anapooshea sufuria za bukari. Hakuuliza. Alipaza sauti uani, majirani wakisikia, kwamba yeye anahangaika kuokoa mnyama, na humo humo ndani ya nyumba yake kuna mtu ana huruma ya kijinga, anampa bukari kwa siri, na mbwa akipigwa risasi basi huyo mtu ajue ni yeye aliyevuta kifyatulio.

Latifa aliokota sufuria zake, akaingia nazo ndani. Upande wa pili wa uzio kinu cha Mama Kabedi, kilichokuwa kikilia, kilinyamaza muda mrefu, kisha kikaendelea.

Jioni Asani aliletewa sahani ya viazi vitamu vilivyochemshwa bila chumvi, na hakuna kingine.

"Tutumie sote dawa, Baba Hawa," mkewe alisema, akaingia ndani. Viazi vililetwa kesho yake pia, na kesho kutwa. Asani alivila kwa kiburi.

Wiki ya nne springi ilikatika, safari ikaahirishwa. Alasiri ya Alhamisi Asani alikuwa chali chini ya lori, uso umejaa grisi, Freni amelala kwenye kivuli cha gurudumu. Mukendi akapita nje na buti zake na chombo chake cha chakula, ametoka zamu ya asubuhi. Mbwa anayefokea hata kuku wa wageni hakubweka. Aliinuka, akajinyoosha, akaenda kukaa karibu na uzio, kichwa juu, kama mtu anayejua saa yake. Kipande cha ngozi ya nguruwe kilichokaangwa kikaruka juu ya uzio kutoka ua wa pili, na Freni akakidaka kabla hakijagusa ardhi.

Asani aliona yote hayo kichwa chini, kati ya ekseli na tangi. Alipotaka kuinuka kwa haraka alijigonga paji la uso kwenye chasisi, kwa hiyo alifika kwenye uzio akiwa na damu na grisi.

"Mama Kabedi."

Sauti ndogo ikajibu: "Tata Asani. Nilizani uko Lubudi."

"Ile kintu unamutupia, ni tangu siku gani?"

Mama Kabedi alitokeza kichwa. Hakutaka kudanganya, na pia hakutaka kusema.

"Tangu alikuwa mutoto," alisema. "Alikuwa anamubwekea sana Mukendi akitoka kazi. Njo nikamuzoezesha na ngozi. Kila siku, Tata. Sikusema kwa sababu ya heshima. Ningemwambia Mama Latifa namna gani, kama ngulube inaangukaka mu lupango yake miaka ine?"

"Na tulipokuya kukuuliza nyama yenye hajakulaka?"

"Nilizani kwa sababu haimuuwake, itamusaidia."

Miaka minne! Asani alishika uzio kwa mikono miwili. Wiki nne za dawa, na ile dawa ndiyo chakula chake cha kila siku. Zilibaki wiki mbili. Alitaka kupiga kelele zitakazosikika mpaka mgodi wa Mutoshi, lakini alimwona Latifa amesimama mlangoni, amesikia kila neno, na kelele zikamwishia mdomoni. Mke wake hakuwa anatazama uzio. Alikuwa anamtazama yeye.

"Na ile siku nilisikia ukimugombeza," Mama Kabedi alisema polepole, "nikashindwa kusema. Munisamehe bote."

Latifa alimjibu kwa upole kwamba yameisha. Kwa mumewe hakusema kitu. Ni Mama Kabedi mwenyewe aliyetaja, akijifuta macho, kwamba kaka yake wa Lubudi anafuga sungura. Sungura! Asani alikuwa amepita mbele ya nyumba ya huyo kaka kila wiki, miezi yote hiyo. Hakuna aliyemwuliza Mama Kabedi, na yeye alikuwa na sababu zake za kutosema mengi.

Springi ilifungwa kwa waya. Asani alikwenda Lubudi na kurudi kwa siku moja na sungura kumi ndani ya tenga, na Kyungu kwenye kiti cha mbele. Kesho yake alfajiri walikaa uani. Latifa alimpa mgeni kikombe chake, akampa mumewe chake bila kumtazama. Asani alikuwa anaeleza, na alipoeleza alipandwa na hasira upya: jinsi alivyozunguka mtaa mzima, jinsi alivyofunga jalala, jinsi watu wasivyoaminika. Huku akieleza, mkono wake ukamimina robo ya chai kwenye bakuli la taa. Freni akaanza kulamba.

Kyungu alishusha kikombe.

"Na ile?"

"Ile nini?"

"Ile unamumwangia."

"Iko chai," Asani alisema.

"Iko na maziwa ya kopo."

"Kyungu, chai haiko chakula."

Freni alimaliza, akalamba ukingo wa bakuli, ambako kulikuwa na duara la kahawia, limekauka juu ya duara lingine, siku juu ya siku, mwaka juu ya mwaka. Kila mtu uani alikuwa anaona hilo duara tangu zamani. Asani alilitazama, na joto likampanda kutoka shingoni mpaka kwenye jeraha la paji lake. Alikuwa amemkaripia mkewe hadharani kwa ajili ya bukari asiyoitoa. Alikuwa amemvamia Mama Kabedi uzioni. Na kila alfajiri, kwa mkono huu huu, wiki zote nne, hakukosa hata siku moja.

"Maziwa inaharibishaka tumbo ya imbwa mingi," Kyungu alisema, akitazama pembeni kwa adabu. "Ngozi pia. Pengine njo yenyewe, pengine ngulube, pengine samaki. Bado hatuyue. Tunaanza upya."

Wakaanza upya. Asani alichinja sungura mwenyewe, na kwa kuwa alichinja kwa jina la Mungu, Latifa aliruhusu sufuria ya Freni jikoni kwa mara ya kwanza. Mama Kabedi alimwagiza Mukendi apite njia ya juu, ili Freni asimngoje. Asani alianza kunywa chai ndani, amesimama nyuma ya mlango kama mwizi, na nje alisikia bakuli la taa likikwaruza ardhi, likisukumwa na pua. Siku ya nne hakukuwa na matapishi. Siku ya saba alikagua kando ya gurudumu, akapaza sauti akimwita Latifa aje aone, kisha akakumbuka kwamba hawasemezani na kwamba ni kinyesi cha mbwa.

Jumamosi ya Salongo ilifika mapema mno. Watu wakiwa na majembe mitaroni, risasi zilisikika mara mbili kutoka mtaa wa chini. Muamba alikuja na polisi mnene aliyechoshwa na jua. Asani alimshika Freni shingoni kwa mikono miwili, wala hakujali kulambwa. Polisi aliinua sikio kwa ncha ya fimbo. Ngozi ilikuwa imekauka. Kwapani na tumboni palikuwa uchi bado, lakini palikuwa pasafi, na karibu na mbavu vinyweleo vya kwanza vilikuwa vimetokeza, vifupi na vya kuchoma.

"Manyoya inaota," Muamba alisema.

Polisi alitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Tutaiangalia tena Salongo ya mwezi wenye kuya," alisema, akaenda zake.

Huo ndio ulikuwa ushindi wote: mwezi mmoja. Na Kyungu alikuwa ameshamwambia kwamba hata baada ya hapo ni lazima wajaribu kitu kimoja kimoja, leo bukari, baada ya wiki tatu samaki, mpaka wajue, na huenda mwaka ukaisha hawajajua. Asani alilaani kwa sauti sungura, viazi, na yule wa kwanza aliyebuni kopo la maziwa.

Kesho yake alfajiri hakujificha. Alichoka kunywa chai nyuma ya mlango wa nyumba yake. Alikaa juu ya tairi, injini ikiguruma, na Freni akaja na bakuli la taa mdomoni, akaliweka kwenye miguu yake, akakaa. Kikombe kikabaki robo. Mkono wa Asani ulisogea wenyewe, akauzuia, na mbwa akamtazama bila kuelewa amekosa nini.

Latifa alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni.

"Mama Hawa," Asani alisema, bila kugeuka. "Ile siku nilikusingizia. Mbele ya batu."

"Ninajua."

"Ni mi mwenyewe."

"Ninajua, Baba Hawa." Alisubiri kidogo. "Kunywa chai yako, ikwishe."

Akanywa, mpaka majani ya chini.